Kamba Wabichi kwenye Mbabula: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kupika Lubumbashi

Kamba, ambao hapa Lubumbashi wengi wetu tunawaita krevete, ni chakula kinachoharibiwa na mazoea mema. Mtu aliyezoea kuinjika maharage tangu asubuhi, au kuiacha sombe (majani ya muhogo) iive taratibu hadi mafuta yapande juu, huamini kwamba kadiri chungu kinavyokaa motoni ndivyo chakula kinavyozidi kuwa kitamu. Kwa kamba imani hiyo ni hasara tupu. Kamba wa ukubwa wa kati huiva kwa dakika tatu hivi, na akiachwa hadi dakika ya nane ameshakuwa mpira. Mara yangu ya kwanza niliwapika nusu saa nzima ndani ya mchuzi wa nyanya, kama nipikavyo samaki aina ya tomsoni, na wageni wangu wakawatafuna kwa adabu bila kusema neno. Ukimya ule ndio ulionifundisha kwamba kazi ya kamba karibu yote iko kabla ya moto, katika kuchagua, kuyeyusha barafu, kumenya na kukausha, na kwamba moto wenyewe ni jambo la kufumba na kufumbua.

Kabla ya yote, waulize watakaokula. Kuna watu ambao miili yao haipatani na kamba wala kaa, na mzio wa namna hiyo unaweza kuanza kwa kuwashwa na kuvimba midomo ukaishia kwa mtu kukosa pumzi. Kupika sana hakuuondoi, kwa sababu protini inayousababisha huvumilia moto. Mtu mwenye mzio asipewe hata mchuzi uliotolewa kamba.

Ukiwa mbele ya friza

Mji wetu uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote, kwa hiyo usitafute kamba aliyetoka majini leo. Neno "mbichi" hapa lina maana moja tu, kwamba hajapikwa. Wengi wa kamba wanaouzwa duniani ni wa kufugwa, hasa yule mweupe ambaye wataalamu humwita Penaeus vannamei, na nchi kama Ekwado, India na Vietnam humfuga kwa wingi mno. Wapo pia wa Msumbiji na Madagaska, ambao mara nyingi ni wakubwa zaidi na wenye bei ya kutisha. Popote walikotoka, wamesafiri ndani ya barafu hadi kwetu, na swali lako kubwa dukani si nchi waliyotoka bali ni kama barafu ile ilidumu njia nzima.

Shika mfuko na uutikise. Kamba waliogandishwa mmoja mmoja husikika wakigongana kama kokoto. Mfuko wa namna hiyo ukiwa umekuwa bonge moja lililoshikana upande mmoja, na chini yake kuna theluji nyingi au maji mekundu yaliyoganda, ujue kwamba waliyeyuka wakagandishwa tena, pengine usiku ambao umeme ulikatika na jenereta haikuwashwa. Warudishe walipokuwa. Usichanganye hao na kamba wa boksi, ambao kiwanda chenyewe huwagandisha ndani ya tofali la barafu: hao wamepangwa kwa safu, na barafu yao ni safi na ngumu kila upande. Muulize muuzaji bila aibu: "Mama, hawa waliingia lini, na friza imezimika wiki hii?" Muuzaji mwenye wateja wake wa kudumu atakwambia ukweli, maana anataka urudi.

Rangi nayo inasema. Kamba mbichi ni wa kijivu, wakati mwingine wa kijani au bluu hafifu, na wengine wana mistari ya kukoza. Ukimwona wa waridi au wa rangi ya chungwa, huyo ameshapikwa kiwandani na mwongozo huu haumhusu, kwa sababu akirudishwa motoni kwa muda ninaoutaja hapa atakakamaa. Kwenye vifurushi vilivyoandikwa Kifaransa tafuta neno "crues" kwa wabichi, na uache wale walioandikwa "cuites". Madoa meusi kwenye ganda hutokana na kimeng'enya cha kamba mwenyewe kinapokutana na hewa, jambo linalofanana na tunda la epo kugeuka kahawia likikatwa. Madoa machache si sumu, lakini yakienea, ganda likawa laini lenye utelezi na kichwa kikawa kinaning'inia, umri umeshakuwa mkubwa. Viwanda vingi hutumia salfaiti kuzuia weusi huo, na mwenye pumu inayochochewa na dawa hiyo asome maandishi ya kifurushi kabla ya kulipa.

Kuna namba mbili zinazowachanganya wanaoanza, kwa mfano 21/25 au 40/60. Hizo ni hesabu ya kamba wanaoingia katika kipimo kimoja cha uzito, kwa hiyo namba ikiwa ndogo kamba ni wakubwa. Kifurushi cha mtindo wa Marekani huhesabu kwa ratili, yaani gramu 453, na vingine huhesabu kwa kilo, ndiyo maana lazima utazame kipimo kilichoandikwa kando. Kwa anayeanza napendekeza 21/25 kwa ratili, ambao ni kama 46 hadi 55 kwa kilo. Wadogo kuliko hao huiva kabla hujashika mwiko vizuri, na wakubwa sana ni ghali mno kwa mtu ambaye bado anajifunza kwa kukosea.

Uzito nao una ujanja wake. Kichwa cha kamba ni zaidi ya theluthi ya mwili wake, ganda lina sehemu yake, na mara nyingi kila kamba amevishwa koti jembamba la barafu la kumlinda asikauke. Kilo moja ya kamba wenye vichwa hukuachia kama nusu kilo ya nyama. Kwa watu wanne watakaokula na bukari, yaani ugali, hiyo inatosha. Ukinunua wasio na vichwa, gramu 650 zitakufikisha palepale. Ukiweza, nunua wenye maganda, kwa sababu ganda ndilo litakalokupa mchuzi, na kamba aliyemenywa kiwandani huwa amelowa maji na kupoteza nusu ya ladha.

Wafunge kwa magazeti mengi ukiwatoa dukani, na kama huna mahali pa kuwahifadhi, nunua siku ileile utakayopika. Kwa nyumba ambayo umeme huja na kuondoka, huu ndio ushauri wa kwanza ninaoutoa.

Kuyeyusha barafu bila kuharibu nyama

Njia bora ni ya polepole. Waweke kamba ndani ya chujio juu ya bakuli, wafunike, uwaache sehemu ya chini ya frigo usiku kucha, wakati frigo ina baridi ya nyuzi 4 au chini yake. Maji yatachuruzika kwenye bakuli na kamba hawatakaa ndani ya maji hayo.

Kama frigo haina umeme wa kutegemewa, tumia maji baridi. Watie kamba kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, toa hewa, funga imara, kisha uuzamishe mfuko ndani ya beseni la maji ya baridi na uyabadilishe maji kila baada ya dakika kumi. Kwa dakika 20 hadi 30 nusu kilo itakuwa tayari. Mfuko si urembo: kamba wanaoogelea moja kwa moja ndani ya maji hunywa maji hayo, na baadaye huyatema kwenye kikaango na kuzima moto wako. Usiwaanike juani, usiwaache mezani mchana kutwa, na wala usiwamwagie maji ya moto, ambayo huivisha nje huku ndani kukiwa bado jiwe, na kuwapa vijidudu joto wanalolipenda. Waliokwisha yeyuka nje ya frigo wapikwe siku hiyohiyo. Kuwarudisha kwenye friza ni kufanya kosa lilelile tulilomshuku muuzaji.

Wakiyeyuka, wanuse. Harufu iwe ya bahari kidogo, au isiwepo kabisa. Harufu kali inayopanda puani kama ile ya mkojo wa zamani, au utelezi usioisha hata baada ya kusuuza, ni dalili ya kuoza, na hakuna ndimu wala pilipili itakayotibu hilo. Watupe.

Kumenya, na ule uzi mweusi wa mgongoni

Andaa bakuli tatu: moja la kamba wanaosubiri, moja la maganda, na moja la nyama iliyosafishwa, ambalo ni vizuri likae juu ya barafu au maji baridi sana. Fanya kazi kwa mafungu madogo ili wengine wasikae nje bure.

Shika mwili kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, zungusha kidogo, kisha vuta. Kichwa kitatoka chenyewe. Kile kioevu cha njano au cha rangi ya chungwa ndani ya kichwa ni kiungo cha kusaga chakula, na ndicho chenye ladha nzito kuliko sehemu nyingine yoyote, lakini vimeng'enya vyake huanza kulainisha nyama mara kamba anapokufa. Ndiyo maana kichwa huharibika kwanza. Kikiwa cheusi na chenye harufu, kitupe. Kikiwa safi, kiweke kwenye bakuli la maganda.

Sasa mgeuze kamba tumbo juu. Ondoa miguu kwa kuikusanya baina ya vidole na kuivuta mara moja, kisha ingiza kidole gumba chini ya ganda mahali miguu ilipokuwa, na ulifungue kuelekea mgongoni. Ganda limefungamana kwa pingili, hivyo pingili moja ikiachia nyingine hufuata. Mkiani una hiari: wengine huacha pingili ya mwisho iwe kishikio na pambo, lakini kwa mchuzi utakaoliwa kwa mkono pamoja na bukari mimi naliondoa lote, kwa kuubana mkia pale unapoanza na kuvuta taratibu ili nyama ya mwisho isikatikie ndani. Sioni raha ya mtu kuchovya tonge halafu akakutana na kipande cha ganda kigumu kama plastiki.

Uzi mweusi wa mgongoni watu wengi huuita mshipa, na si mshipa wa damu hata kidogo. Ni utumbo, na weusi wake ni chakula na mchanga ambavyo kamba hakuwahi kuvitoa. Ukiupika na kuula hautakuua, lakini mchanga utausikia menoni na wakati mwingine kuna uchungu. Mlaze kamba ubavu, chana mgongo kwa ncha ya kisu kikali kwa kina cha milimita 2 au 3, kuanzia upande wa kichwa hadi karibu na mkia, kisha uinue uzi huo kwa ncha ileile na uuvute wote. Ukikatika, futa kipande kilichobaki kwa karatasi. Kwa kamba utakayempika na ganda lake, chukua kijiti cha kuchokolea meno, kipenyeze mgongoni baina ya pingili ya pili na ya tatu chini kidogo ya ganda, kisha uinue polepole. Utumbo utatoka kama uzi wa cherehani, na ikiwa hauonekani kabisa basi kamba huyo alikaa na njaa kabla ya kuvuliwa, mshukuru na umwache. Mstari mwingine mwembamba upande wa tumbo ni neva, nao hauna sababu ya kuondolewa.

Kumi wa kwanza watakuchukua muda na utawachana vibaya. Usikate tamaa, maana kufikia wa ishirini mkono utakuwa umeshaelewa.

Wasuuze haraka kwa maji baridi na uwamwage kwenye chujio. Hapa ndipo wengi huwaogesha kwa ndimu nzima nzima na kuwaacha saa moja, wakidhani ndimu inasafisha. Tindikali ya ndimu hubadilisha nyama ya kamba ikawa nyeupe na ngumu kana kwamba imepikwa, huku vijidudu vikibaki hai. Ndimu ni ya mwishoni, mezani.

Chumvi, bikabonati na kitambaa kikavu

Kwa nusu kilo ya nyama, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chumvi na robo kijiko cha bikabonati (soda ya kuokea), ileile ambayo baadhi yetu huitia kwenye sombe ngumu. Changanya kwa mkono, funika, weka mahali baridi kwa dakika 15 hadi 30. Chumvi huisaidia nyama kushika maji yake, na bikabonati huipa ule mguso wa kukatika chini ya jino badala ya kuvutika. Usizidishe robo kijiko, la sivyo utasikia ladha ya sabuni. Kisha wapanguse kamba wote kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni mpaka wasing'ae kwa maji. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na mimi naiona ndiyo inayotenganisha kamba wa kukaanga na kamba waliochemka kwa bahati mbaya.

Moto wenyewe

Mbabula, yaani jiko la makala (makaa), haina kitufe cha kupunguza moto, kwa hiyo panga moto kabla. Subiri makala yashike yote na kuvikwa jivu jembamba, kisha yasukume zaidi upande mmoja. Upande wenye makala mengi ni wa kukaangia, na upande wenye machache ni wa kukimbilia mambo yakiharibika. Weka kikaango kizito, subiri dakika mbili, mimina vijiko viwili vya mafuta, na yakianza kutetema juu weka kamba mmoja wa majaribio. Akilia "chwaa!" papo hapo, weka wengine. Akinyamaza, mtoe usubiri.

Walaze katika safu moja bila kugusana. Nusu kilo kwa kikaango cha kawaida ni mafungu mawili, tena wakati mwingine matatu, kwa sababu kamba wengi kwa pamoja hupoza chuma na kuanza kutokota katika maji yao. Waache bila kuwagusa kwa dakika moja na nusu, wageuze mmoja mmoja, uwape dakika moja ya pili, kisha uwatoe kwenye sahani hata kama moyo unakuambia bado kidogo. Joto lililomo ndani yao litamaliza kazi.

Utajuaje kwamba ameiva? Rangi inakuambia nusu ya habari. Ndani ya kamba kuna rangi ya chungwa iitwayo astaksanthini, ambayo akiwa hai imefungwa na protini ndiyo maana anaonekana wa kijivu au bluu. Moto huifungua protini hiyo na rangi ya kweli ikatokea. Lakini ngozi ya nje hugeuka mapema kuliko katikati, kwa hiyo tazama mahali ulipochana mgongoni: nyama iwe nyeupe kama lulu, isiwe na sehemu inayopenyesha mwanga kama kioo. Tazama umbo pia. Kamba aliyeiva hujikunja kama mundu, na aliyezidi hujifunga mpaka kichwa kikagusa mkia kama pete. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 63 katikati ya nyama. Ukiwa na shaka mkate mmoja katikati umtazame, na huyo ndiye mshahara wa mpishi.

Ukipenda kuwachemsha, kumbuka kwamba Lubumbashi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,200, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Tofauti hiyo huwasumbua wapika maharage, lakini kamba haimsumbui, kwani anahitaji kidogo sana kuliko hapo. Chemsha maji mengi yenye chumvi, watie, epua sufuria, funika, na uwatoe baada ya dakika tatu, ukihakikisha kwa kumkata mmoja.

Mchuzi wa nyanya wa kula na bukari

Huu ndio ninaoupika zaidi, na siri yake ni kwamba kamba huingia wa mwisho.

Anza na maganda na vichwa. Yakaange kwa kijiko kimoja cha mafuta kwenye sufuria hadi yawe mekundu na jikoni kunukie, mimina vikombe vitatu vya maji, acha yatokote kwa dakika 15 hadi 20, kisha chuja huku ukiyaponda kwa mwiko ili vichwa vitoe kilichomo. Usizidishe muda, kwa sababu yakichemshwa sana huleta uchungu. Ukiwa huna maganda tumia maji, lakini ujue umeacha nusu ya utamu njiani.

Katika sufuria nyingine kaanga vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vyembamba mpaka vilainike na kuanza kuwa vya dhahabu. Ongeza punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, kipande cha tangawizi, na shina moja la seleri, kisha nyanya tano zilizoiva sana zilizokatwakatwa. Hapa usiwe na haraka. Uvumilivu wote niliokukataza kwa kamba uutumie kwenye nyanya, uziache zipikike hadi maji yake yakauke na mafuta yajitenge pembeni. Mimina mchuzi wa maganda, weka pilipili nzima bila kuipasua ikiwa kuna watoto, acha upungue mpaka uwe mzito wa kushikwa na tonge. Onja chumvi sasa, ukikumbuka kwamba kamba wana yao.

Songa bukari wakati mchuzi ukiendelea, na uimalize kabla ya kuwagusa kamba, maana bukari inaweza kusubiri ikiwa imefunikwa lakini kamba hawezi. Watu wakishanawa mikono, waingize kamba wabichi waliokaushwa ndani ya mchuzi unaochemka, koroga mara moja, hesabu dakika tatu, epua. Kama uliwakaanga kwanza, wape nusu dakika tu ya kupata joto. Kamulia ndimu, peleka mezani na sufuria yenyewe.

Kinachobaki

Ubao, kisu na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mboga za kuliwa mbichi. Maganda yaliyochujwa yafunge ndani ya mifuko miwili uyatupe siku hiyohiyo, la sivyo kesho paka wa mtaa mzima watakuwa uani kwako. Mchuzi uliobaki usikae nje zaidi ya saa mbili. Ndani ya frigo inayofanya kazi hukaa siku tatu, na kwa nyumba isiyo na umeme wa uhakika ni bora kupika kiasi cha kumalizika. Unapoupasha, wachote kamba kwa kijiko uwaweke kando, chemsha mchuzi peke yake mpaka utokote kwelikweli, kisha uwarudishe mpaka wapate moto hadi ndani, wala usiondoke jikoni kwenda kujibu simu.